Wagdi na Kikapu cha Roshani

Wanaume wa ukoo wa Wagdi, pale Shubra, mtaa wa Cairo, hakuna aliyeiona sitini. Baba alianguka mezani, kaka wawili wakamfuata, na Wagdi alipotimiza hamsini na nne akaanza kujihesabu marehemu. Moyo wa kwetu mbovu, alisema, uachwe upumzike. Basi akautunza kwa kuketi! Kiti roshani, ghorofa ya nne, na kikapu chenye kamba: mkate, maharage, gazeti, hata chai ya mkahawani, vyote vilivutwa juu. Kushuka mwenyewe, ng'o.

Angejifia peke yake, sawa. Lakini alimkalia kooni kitinda mimba wake, Nihal, mwanafunzi wa uhandisi: "Acha chuo, binti yangu, olewa nikiwa hai." Msichana wa watu analia, mchumba wake anambembeleza.

Mkewe, Inshirah, akachoka, akamburura kwa daktari. Daktari, mama mmoja asiye na maneno mengi, alimpima akamaliza.

"Hajj, moyo wako mzima. Presha ndiyo imepanda, na miguu imelala. Umri siwezi kukuahidi, huo ni wa Mungu. Lakini anayekaa kutwa anajiongezea hatari ya kufa mapema, na anayetembea anaipunguza. Tembea."

"Na baba? Na kaka zangu?"

"Wao walikuwa wakitembea kwenda wapi?"

Wagdi akafikiri weee. Kila mmoja alikuwa na roshani yake na kikapu chake.

Siku ile ile Inshirah akakigawa kikapu kwa jirani. "Ukitaka mkate, duka liko chini." Wagdi akashuka akizilaani ngazi. Mwenye duka, Am Zaki, akapiga makofi.

"Makubwa! Bwana Wagdi, kumbe una miguu? Miaka yote mimi nakujua mikono tu!"

"Nipe mkate, mzee, acha domo."

Alipanda akihema, roho mkononi. Kesho akashuka tena. Baadaye akawa anavuka soko, mwishowe akawa anafika Nile na kurudi, kila asubuhi, akinung'unika njia nzima. Presha ikashuka, naye akaanza kulala usingizi wa kweli.

Wazazi wa mchumba walipokuja kupanga siku, baba wa kijana akasema, "Tufanye mwezi ujao, kama ulivyotaka?"

"Haraka ya nini?" Wagdi akajibu. "Mtoto amalize chuo kwanza. Mimi nipo."

Inshirah, aliyekuwa hajamsikia mumewe akisema hivyo kwa miaka, alikimbilia jikoni akalia kwa raha.