Walimwokoa Bibi, Wakamwacha Mkamwana

Saa mbili asubuhi, baraza la makao ya wazee linanukia dawa na sabuni ya kufulia. Mama Pamba ameketi kwenye kigoda, beseni la maji ya chumvi liko miguuni pake, na shashi zimepangwa juu ya kitambaa safi mapajani. Anaanza na kisigino cha mzee mmoja aliyekuwa mlinzi wa ghala. Wenzake wanamwita Redio, kwa sababu hakuna habari inayompita wala inayolala kwake.

"Leo utanifunga vizuri, au kama juzi, ulivyonifunga kama mzigo wa kuni?" anauliza Redio.

"Nilikufunga vizuri, mzee wangu. Wewe ndiye uliyekwenda kucheza mpira."

"Ningekuwa na mguu wa mpira, ningekaa hapa na vikongwe hawa?"

Wazee wanacheka, na mmoja anamtupia Redio ganda la chungwa. Ndivyo asubuhi za Mama Pamba zinavyokwenda: utani, maji, dawa, bandeji, kisha kiti kinachofuata. Leo kiti kinachofuata ni cha bibi mmoja mwembamba, mwenye kidonda kisichopona juu ya kifundo cha mguu wa kulia. Mama Pamba anasogeza kigoda, anamwamkia, kisha ananyoosha mkono kuupokea mguu.

Bibi anaurudisha mguu chini ya kiti.

"Usiniguse," anasema. "Kamfunge yule uliyemwacha."

Kicheko kinakatika. Mama Pamba anabaki na koleo mkononi, na shashi inadondosha maji sakafuni. Anaiweka shashi ndani ya beseni na kuangalia mikono yake, kama mtu aliyesahau kwa nini alikuwa ameinyoosha.

Anamjua aliyeachwa. Ni mkamwana wa bibi huyu, fundi wa cherehani aliyekuwa akipinda pindo za nguo za watu dirishani mwa nyumba ya mama mkwe wake, na aliyemvika bibi soksi kila asubuhi kabla ya kukaa kwenye mashine. Nyumba hiyo Mama Pamba ameingia mara nyingi kuliko anavyoingia kwa dada yake mwenyewe.

Mama Pamba ni mhudumu wa afya wa mtaa. Ana miaka hamsini na miwili, na jina lake hilo alipewa na watoto, kwa kuwa pamba haiishi kuchungulia mkobani mwake. Huzunguka kwa miguu kufunga vidonda vya watu wasioweza kufika zahanati. Posho yake, anasema, "inakuja ikinisalimia na kuaga hapohapo." Viatu amebadilisha vingi, ila mkoba ni uleule.

Hafanyi kazi peke yake. Kila Jumanne hukutana na afisa ustawi wa jamii, askari wa dawati la jinsia na mtu wa ofisi ya mtaa, wakazungumza juu ya watu walio hatarini: mzee anayeteswa, mtoto asiyelishwa, mke anayepigwa. Zamani kila ofisi ilikwenda kivyake. Mtu alisimulia mateso yake kwa muuguzi, akarudia kwa askari, akarudia kwa afisa, na kila aliporudia alikuwa kama anabanduliwa kigaga.

Kwa huruma hiyo wakaweka utaratibu wao, wakauita mdomo mmoja. Wote watatembelea, wote wataangalia, lakini atakayeuliza na kusikiliza ni afisa ustawi peke yake. Wengine wasalimie, wafanye kazi yao, watoke.

"Mimi ndiye niliyeutetea sana," anasema Mama Pamba. "Niliwaambia, watu wetu wamechoka kuvuliwa nguo kwa maneno. Wote wakanipigia makofi."

Anasema hivyo bila kuinua macho.

Asubuhi moja alikuwa akimfunga bibi kidonda, mkamwana akiwa kisimani na mwana wa bibi akiwa kazini kwake, kwenye kuchomelea mageti. Aliona michubuko kwenye mikono ya bibi, iliyoganda na kuwa ya kijani. Kabla hajafungua mkoba vizuri, bibi alimshika kiganja.

"Mwanangu, kuna neno la humu ndani. Nataka nikwambie wewe."

Mama Pamba anakumbuka alivyomjibu, sauti yake ikiwa laini kabisa. "Ngoja, mama. Alhamisi anakuja binti wa ustawi. Utamweleza yeye yote mara moja, usijichoshe."

Bibi akaachia kiganja. "Haya," akasema.

Alhamisi afisa ustawi alipofika, alimkuta mwana wa bibi amekaa mlangoni. Mwana huyo alimwamkia afisa kwa adabu, akamletea kiti, akakifuta vumbi kwa shati lake mwenyewe. Bibi aliulizwa anaishije. Akajibu kwamba anaishi kama wazee wengine. Aliulizwa kuhusu michubuko. Akasema uzee una mambo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mwana mwenyewe alikuwa amesimama pale, akitabasamu.

Afisa hakudanganyika. Alichokiona kilimtosha: mama mzee, mikono iliyochubuka, mtoto mwenye tabasamu la haraka. Ofisi zote zikasogea kwa pamoja, kwa kasi ambayo hata wao waliishangaa. Ofisi ya mtaa ikaandika barua, makao yakatoa kitanda, na askari wa dawati akasindikiza gari. Kabla wiki haijaisha, bibi alikuwa ametolewa.

"Tulijipongeza," anasema askari huyo, mtu mzima mwenye mvi za masharubu. "Nilisema, kama tungekuwa tunafanya hivi kila siku, ningestaafu mapema."

Mkamwana ndiye aliyemfungia bibi nguo zake. Alimshika mkono mpaka kwenye gari, akampangia mto nyuma ya kiuno, akafunga mlango wa gari kwa upole. Hakuna aliyemuuliza kitu. Hakuwa kwenye orodha ya mtu yeyote.

Walichokuwa hawajui, mpaka mkamwana alipokuja kuwaeleza baadaye, ni kwamba bibi hakuwa ndiye anayelengwa. Alikuwa anajiweka katikati. Mwanawe alipomwinukia mkewe, mama aliinuka na mguu wake mbovu, akasimama mbele yake, na makofi yaliyokosa njia yakamwangukia yeye. Walipomwondoa bibi wakidhani wanamwokoa, waliondoa ukuta pekee uliokuwa umebaki ndani ya nyumba ile.

Haukupita mwezi. Majirani walimbeba mkamwana hadi zahanati akiwa hajitambui. Mikono ilipona, na uso ukapona. Sikio la kushoto halikupona, na daktari amesema halitasikia tena.

"Maji yakimwagika hayazoleki," anasema Mama Pamba. "Najua. Lakini mimi ndiye niliyeshikwa kiganja."

Mwanamume yuko mahabusu. Mkamwana yuko nyumba salama, mahali ambapo wenyeji wake hawapataji kwa mtu, na kwa ndugu wa mume ndiyo kabisa. Na mama wa mume, kwa hesabu za ofisi, ni ndugu wa mume. Ndiyo maana hakuna aliyemwambia bibi lolote. Miezi yote hii amekaa kwenye baraza lile akiamini kwamba mkwe wake bado yuko ndani ya nyumba ile, peke yake.

Jambo hilo Mama Pamba alilijua. Aliambiwa anyamaze, akanyamaza, kama alivyozoea kufuata utaratibu. Mpaka leo, mguu ulipovutwa chini ya kiti.

Ni Jumanne. Saa nane mchana yuko kwenye chumba cha mikutano cha ofisi ya mtaa, chumba chenye meza moja ndefu na feni inayozunguka kwa kujilazimisha. Kawaida hukaa mwisho na kusema yake ya mwisho. Leo anaanza yeye.

"Naomba bibi aambiwe," anasema. "Na naomba waonane."

Afisa ustawi anashusha kalamu. Ni binti mdogo, na kwa yaliyotokea amekonda zaidi ya wote. "Shangazi, yule ni mama wa mtuhumiwa."

"Ndiyo. Na ndiye aliyekula makofi ya mkwe wake. Sasa huyo tunamfichia nini?"

Askari anajikuna masharubu. Anasema kesi yenyewe inayumba. Mshtakiwa anadai mkewe aliteleza bafuni, na majirani hawakuona, walisikia tu. Asipopatikana mtu wa kusema kwamba kupigwa kule hakukuanza siku ile, mwanamume atatoka, na akitoka atamtafuta mkewe. "Aliyeona ni mmoja tu," anasema. "Ila mimi, jamani, nina mama. Nani atakayekwenda kumwambia mama, njoo umfunge mwanao jela?"

"Mimi siendi kumwomba ushahidi," anasema Mama Pamba. "Naenda kumwambia mkwe wake yu hai. Akitaka kunyamaza baada ya hapo, ni haki yake. Sisi tumeshamnyamazisha mara moja."

Feni inazunguka. Mtu wa ofisi ya mtaa anakohoa. Afisa ustawi anasema, polepole, kwamba bibi aambiwe mkwe wake yu salama, na Alhamisi waonane; na kwamba mdomo mmoja utabaki, lakini masikio yawe yote: atakayeshikwa kiganja akae na asikilize palepale, hata kama ni mfunga vidonda, hata kama ni dereva. Hakuna anayepiga makofi safari hii.

Mama Pamba ana ombi la pili, ambalo ndilo ndoto yake. Makao huchukua wazee tu. Nyumba salama huchukua wanawake na watoto, na haina kitanda cha mwenye kidonda. Anataka kupatikane chumba kimoja, mahali popote, ambapo mtu na anayemkinga wanaweza kuhifadhiwa pamoja. Ameshaanza kumzungukia mwenye nyumba mmoja, mjane mwenye vyumba vitupu. "Ananiambia nimwache apumue," anasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo anacheka kidogo. "Nami nimemwambia, pumua, kesho nitakuja tena."

Alhamisi gari la ustawi linaingia uani mwa makao. Mkamwana anashuka, amejifunga kitambaa kichwani mpaka chini ya kidevu. Wazee wamejipanga barazani kama wageni wa arusi, ingawa kila mmoja anajifanya amekaa kuota jua. Redio ndiye aliyewaita.

"Shikamoo, mama," anasema mkamwana.

"Marahaba, mwanangu." Bibi anamtazama toka kichwani hadi miguuni, kisha tena. "Umekonda."

"Na wewe umekonda, mama."

"Hapa chakula hakina chumvi."

Wanakaa kwenye viti viwili, ubavu kwa ubavu. Mkamwana anauliza kama soksi anazivaa. Bibi anajibu kwamba anazivaa anapokumbuka. Kisha bibi anainamisha kichwa kuelekea kwa mkwe wake na kusema kitu kwa sauti ya chini sana. Mkamwana anaendelea kuangalia ua, kamba ya nguo, kuku anayepekua. Bibi anasema tena. Mkamwana hageuki.

Bibi anakaa wima na macho yanajaa maji. "Ana haki," anamwambia Mama Pamba. "Ana haki ya kuninunia."

"Hakununii, mama. Upande huo hasikii."

"Hasikii vipi?"

Mama Pamba anapiga goti mbele yake na kumweleza, bila kupunguza wala kuongeza: kipigo, sikio, mwanawe kuwa mahabusu, na dai lake kwamba mkewe aliteleza bafuni. Bibi anasikiliza hadi mwisho. Anaunyoosha mkono, anakigusa kitambaa cha mkwe wake pale sikio lilipo, na mkamwana anashtuka na kumgeukia. Mama Pamba ananyanyua kiti cha bibi kukihamishia upande wa pili, lakini bibi anamzuia. Anasimama mwenyewe, kwenye mguu wake mbovu, akishika ukingo wa baraza. Hanong'oni tena. Anasema kwa sauti iliyomtoa mpishi jikoni na dereva garini.

"Nasema hivi, nawe unisikie na hawa wote wanisikie. Wewe hukuteleza popote. Mwanangu alikuwa anakupiga, tangu mwaka ulioingia nyumbani kwangu, na mimi nilikuwa naona kwa macho haya. Nilimficha kwa kuwa nilimzaa. Siku watakayomsimamisha mbele ya hakimu, nipelekeni. Nitayasema na huko, naye akinitazama."