Nguzo ya Pili ya Karisa

Mume wangu Karisa ni fundi wa chuma hapa Mjambere, na mdomo anao. Alipopewa kazi ya kujenga roshani ya kwaya kanisani kwetu, nyumba nzima ilikuwa ni somo la nguzo tu. "Bomba la chuma likiwa tupu, ukililemea hubonyea," atakwambia, tonge li mkononi. "Zege nalo likiwa peke yake hupasuka likamwagika. Sasa lijaze bomba zege! Zege halikubali bomba libonyee, na bomba halikubali zege lipasuke. Kama mimi na Mbeyu!" Nami Mbeyu nikimwambia ale, ugali wapoa.

Nguzo zikasimama nne, zimepakwa rangi ya samawati, zinameta. Sifa alizomiminiwa! Sikufichi, hata mimi nilipita sokoni kichwa kimenivimba.

Jumapili ya kuifungua roshani tulisimama chini yake tukingoja kwaya ipande. Mimi ni muuza madafu, na mkono wangu umezoea kugonga kusikia kama ndani kumejaa. Nikaigonga kwa kidole nguzo niliyoiegemea: du, imejaa. Nikaigonga ya pili, kwa mchezo tu. Ikalia ngoo, kila nilipogonga toka usawa wa kiuno mpaka kifua.

"Karisa, hii mbona tupu?"

Nilidhani atanicheka. Akatazama viatu vyake.

"Nyamaza," akaninong'oneza. "Zege lilikwama katikati. Mvua ilikuwa yaja, sikulichokoa kwa nondo lishuke. Nilipoona bomba limejaa upesi kuliko wenzake nikajua. Nikalifunika juu, nikachomelea. Labda litashika."

"Labda? Ebo! Watu wote hawa, wewe waniambia labda?"

Kabla sijamaliza, kwaya ikaanza kuimba na kusogea kwenye ngazi. Mbele yao alikuwa mavyaa, mama yake Karisa, kayamba mkononi, anacheka kwa furaha. Alipoweka mguu kwenye kipandio cha kwanza, Karisa akaruka.

"Mama, shuka! Rudini nyote! Nguzo hii ni tupu ndani, nami nalijua hilo tangu siku niliyoijaza!"

Mchungaji alibaki na mkasi wa kukatia utepe mkononi. Aibu niliyoiona siku hiyo, jamani, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Walimtazama Karisa, kisha wakanitazama mimi, mke wa fundi, niliyekuwa nikijishaua sokoni kwa nguzo hizo hizo.

Mavyaa akampa mwenzake kayamba. Akaja polepole mpaka mbele ya mwanawe, nami nikadhani atamkumbatia kwa kumwokoa.

"Karisa," akasema, wala hakupaza sauti. "Lau mimi singekuwa kwenye kwaya hii, ungewaambia?"

Karisa akatazama tena viatu vyake. Mama yake akasimama pale pale akingoja jibu, na kanisa zima likangoja naye. Nikajifunika uso kwa leso.