Ngamia wa Mongalla

Aliyeng'oa mabati ya nyumba yangu mtaani Munuki namjua. Si wenye bunduki. Wao walipita, wakaua, wakaenda zao. Mabati aling'oa jirani yetu mwenye duka la soda, na mpaka leo ananisalimia bila aibu. Niliporudi kutoka kambini Uganda nilikuta kuta tu, juu mbingu. Nikafunika kwa turubai, turubai likaoza, na mvua zilikuwa zinakaribia.

Kitu pekee nilichokimbia nacho cha ukoo wetu ni kopo la majani ya chai lililojaa stempu. Babu yangu alikuwa mgonga mihuri wa posta enzi za Waingereza. Karibu zote zina picha ya mtu amepanda ngamia, kabeba mifuko ya barua. Nikasikia kuna mama karibu na steji ya boda, aliyekulia Nairobi na kufanya kazi miaka mingi kwenye duka la stempu. Nikasema labda humo koponi mna mabati.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, akaona anisaidie. Bila kuniuliza akaziloweka kwenye beseni la sabuni ya unga, akazibandua kwenye vipande vya bahasha, akasugua wino mpaka ukatoka, akazianika juani kama dagaa.

Yule mama alipoziona aliweka lenzi yake chini.

"Nani amefanya hivi?"

"Ni mimi, mama," shemeji akasema, anacheka kwa furaha. "Zilikuwa chafu. Zimegongwa mihuri kila mahali."

"Huo uchafu ndio ulikuwa pesa, bwana. Sasa una picha ya ngamia."

"Malesh, mama. Mnisamehe."

"Malesh haiezeki nyumba," nikamwambia.

Mwingine angetufukuza. Yeye alivuta kiti. Alishika kila stempu kwa kibano, kamwe si kwa vidole. Alipima meno ya pembeni kwenye kadi yenye vitone. Aliilaza kifudifudi kwenye kisahani cheusi, akadondosha benzini kidogo, na ndani ya karatasi ikajitokeza alama iliyofichwa ya nyota na mwezi, ambayo sikuwahi kuiona maisha yangu yote.

"Hizi zilichapwa nyingi mno," akasema. "Lingetokea ua badala ya nyota, hiyo ingekuwa ya zamani zaidi. Tuendelee."

Shule niliiacha darasa la tatu, lakini siku ile nilifuata kila alichofanya kama mwanafunzi. Nimeona madaktari wakitazama wagonjwa kwa haraka zaidi kuliko yeye alivyotazama vile vikaratasi.

Ua halikutokea. Ila chini kabisa ya kopo kulikuwa na moja iliyomshinda shemeji, bado imeng'ang'ania kipande cha bahasha, na muhuri wake mzima, mviringo. Mama akainama, akaisogezea lenzi.

"Mongalla," akasoma kwenye muhuri. "Ngamia huyu ni wa kawaida. Lakini barua zilizotoka kituo kidogo cha Mongalla wakati ule zilikuwa chache. Muhuri huu nimeusoma vitabuni tu, sijawahi kuushika."

"Kwa hiyo huyu naye tumtoe kwenye karatasi?" shemeji akauliza.

"Ukimgusa nitakung'ata."

Angeweza kuniambia ni takataka, nami ningemwachia. Watu wamenidanganya kwa vitu vidogo kuliko hicho. Badala yake akasema, "Dada, usimwachie mtu, hata mimi. Mnunuzi atakuja hapa, na wewe utaishika mwenyewe."

Mnunuzi alikuwa mgeni, akaongea Kiingereza. Kila neno mama alinigeuzia Kiswahili, hata mabaya. Yule akasema pembeni imechanika. Mama akamwekea lenzi mkononi: "Tazama tena." Akatazama, akaanza kutaja bei. Bei ya kwanza mama akaikataa, ya pili akaikataa, na mimi nataka kusema ndiyo kwa lolote, kwa maana mawingu yalikuwa yamekwisha kukusanyika.

Ya tatu akaitikia kwa kichwa, akanipa kibano.

"Sasa mpe."

Nikaibana, nikampa, sikuidondosha. Mabati yalishushwa kutoka kwenye lori lililotoka Nimule mpakani juma lile lile, na fundi alipiga msumari wa mwisho huku matone ya kwanza yakimwangukia mgongoni.