Siku Bupe Alipogonga Dari la Ndege

Miaka sita Bupe alikuwa mhudumu wa ndege, na katika nyumba yao ya Tabata mwenye hofu alikuwa mama yake. Yeye hakuijua hofu mpaka safari ile ya kutoka Mwanza.

Anga lilikuwa safi, halina hata wingu. Bupe na mwenzake Herieth walikuwa wakikusanya vikombe kwenye toroli. Taa ya mikanda haikuwaka. Ghafla ndege ikazama kama ndoo iliyokatika kamba kisimani, na Bupe akajikuta hewani. Kichwa kikagonga dari. Toroli nalo likapaa, kisha vyote vikarudi chini kwa kishindo. Alisikia mfupa wa mguu ukilia kabla hajasikia maumivu.

“Dada, nipe mkono!”

Abiria wa makamo aliyefunga mkanda alimdaka kiunoni, akambana magotini pake. Ndege ikazama tena. Wengine walimwita Yesu, wengine wakatoa shahada. Bupe hata kuomba alishindwa. Macho yake yalikuwa kwa Herieth, aliyelala njiani kati ya viti, damu ikimchuruzika sikioni, hatikisiki.

Herieth alizinduka hospitalini, sikio moja limekufa. Mguu wa Bupe ulitiwa vyuma, ukapona. Hofu ndiyo haikupona. Lori la mchanga likipita na kitanda kikatikisika, alikishika kwa mikono miwili.

“Kazi hiyo iache, mwanangu,” mama alimsihi. “Mie sina Bupe mwingine.”

“Mama, nikiiacha sasa nitaogopa mpaka ngazi.”

Akarudi. Mlangoni mwa ndege miguu iligoma, na msimamizi wake, Sebastian, akamshika kiwiko. “Pumua, dada. Twende pamoja.”

Walipokuwa juu ya Dodoma ndege ikaanza kutetemeka, kidogo tu. Bupe hakungoja taa. Alikaa chini palepale, akakumbatia mguu wa kiti, akapaza sauti: “Fungeni mikanda! Wote!”

Kijana mmoja wa suti akacheka. “Sista, si katikisiko tu haka?”

Mtetemeko ukapita, hata soda haikumwagika. Abiria wakamkodolea macho, naye hakuweza kuachia kile kiti mpaka Sebastian alipomfungua vidole kimojakimoja.

Hakupanda tena. Siku hizi anafundisha wahudumu wapya, darasani, chini. Anawaamuru wajitupe sakafuni mpaka magoti yachubuke. “Ikianza, kaa,” huwaambia. “Aibu utaona baadaye.”

Herieth yeye amerudi angani na sikio lake moja. Kila mwenzake huyo akiwa safarini, Bupe huweka simu kando ya sahani, akisubiri neno moja: nimetua. Lisipokuja kwa wakati, chakula hupoa. Mama hamwambii ale. Huketi naye tu, wakiitazama simu wote wawili.