Aliyekaa Kwenye Kiti

Mtaa mzima ulimwita Kipara, na aliyelipenda zaidi jina hilo ni yeye mwenyewe. Kinyozi asiye na unywele hata mmoja! "Mimi nimeshamaliza zangu," alizoea kusema, "sasa zamu yenu." Duka lake lilikuwa chumba kimoja: kioo kirefu, benchi la wanaosubiri, feni yenye kelele kuliko upepo, na kiti kimoja cha kuzunguka alichokipenda karibu sawa na mkewe. Mkewe alijua, wala hakuona wivu.

Kiti kile kilikuwa na sheria yake. Mama akimleta mwanawe na kuanza kuamuru, "Huku punguza, pale acha," Kipara humwinamia mtoto na kumwuliza, "Bosi, unasemaje?" Mama akipandisha sauti, jibu ni lile lile: "Dada yangu, aliyekaa kwenye kiti ndiye mwenye kichwa." Wapo waliosusa wakaenda kwa vinyozi wengine. Walirudi, maana watoto wao waligoma kunyolewa kwingine.

Basi, maradhi hayapigi hodi. Kitinda mimba wake, binti wa miaka kumi na sita, mrefu kumpita baba yake na mwenye mdomo kama wake, alivimba shingoni. Wakadhani ni jino. Vipimo vikasema saratani ya tezi za limfu. Kipara alijifungia chooni akalia, akatoka macho mekundu, akasingizia sabuni.

Lakini daktari aliyewapa majibu hakuwaacha gizani. "Ugonjwa huu kwa umri wake unatibika, na wengi hupona," aliwaambia. "Hospitali mbili zina wataalamu na dawa anazohitaji. Kwa tiba, zote mbili nazikubali. Nendeni mkazione, mchague ile atakayoiweza, kwani atakuwa mtu wa huko kwa miezi mingi. Ila msichelewe. Nipeni jibu wiki hii."

Mchague! Loo, neno gani hilo la kumwambia mtu mwenye benchi la wateja? Kesho yake duka likageuka bunge. Dereva wa lori akasema ile kubwa ya ghorofa. Mwalimu mstaafu akasema ile kubwa. Muuza viatu, ambaye hajapata kuumwa hata mafua, akasema ile kubwa, tena kwa kiapo: "Lifti yake inaongea!" Kipara alinyoa huku akiuliza, akauliza huku akinyoa, hata mteja mmoja akapoteza masharubu ambayo hakuja kuyanyoa. Jioni akamwambia mkewe, "Tumeshaamua."

"Umeamua na nani?"

"Na benchi."

Mkewe akaendelea kukunja nguo.

Wakaenda ile kubwa, baba na binti. Lifti kweli iliongea. Kipara naye aliongea kuishinda lifti. Muuguzi alimwuliza binti kama ana maumivu, Kipara akajibu hana. Akamwuliza kama analala vizuri, Kipara akajibu analala kama gogo. Muuguzi, mtu mwema ila mwenye haraka, akaeleza kwamba wodi ni mbili, ya watoto na ya wakubwa, na binti atalazwa popote patakapokuwa na nafasi. Kwenye wodi ya watoto alijaribu kitanda kilichochorwa bata. Miguu ikabaki nje, wakacheka wote. Kwenye wodi ya wakubwa bibi mmoja alimkaribisha vizuri, akamwuliza amekuja kumwona nani.

"Safi kabisa," Kipara akasema walipotoka. "Twende tukaandikishe."

Binti akasimama pale pale mlangoni. "Baba, nani amekaa kwenye kiti?"

"Kiti gani?"

"Kile chako."

Kipara akafungua mdomo, maneno yakagoma, jambo ambalo mtaani kwao halijapata kuonekana. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Haya, alikuwa amejikata, tena pabaya! Sheria aliyowapigia kelele mama za watu miaka yote ilimshinda kwa mwanawe mwenyewe. Aliona haya, na chini ya haya kulikuwa na hofu, ikamtoka. "Mwanangu, nikikuachia uchague, ikienda vibaya je?"

"Ikienda vibaya, nani atakuwa kitandani?"

Wakaenda kuiona ya pili.

Ile ilikuwa ndogo, yenye ngazi za kawaida zisizosema neno. Lakini ilikuwa na wodi ya vijana. Wasichana wawili walikuwa wakicheza karata huku dripu zikining'inia, wanashutumiana kuiba kama ndugu wa tumbo moja. Daktari, mama wa makamo, alivuta kiti akakaa mbele ya binti, si mbele ya baba. Kipara alijiuma ulimi kwelikweli. Binti akauliza homa ikimpanda nyumbani ampigie nani. Akapewa namba ya wodi, inayopokelewa usiku na mchana. Akauliza kuhusu masomo. Akaambiwa mwalimu huja pale pale. Kisha akageuka.

"Baba, maswali yaliyobaki ni yangu. Subiri nje."

Kipara akakaa kwenye benchi la koridoni, yeye ambaye maisha yake yote alizoea kuwaketisha wengine. Mlango ulipofunguka, binti alikuwa na macho yenye maji na tabasamu pana.

"Hapa," akasema. "Nimemwuliza kama dawa zitanizuia kuzaa baadaye. Hakunicheka, wala hakuniambia bado mdogo. Amenieleza yote na kinachoweza kufanywa kabla hatujaanza."

Swali hilo halikuwa limemjia Kipara, wala benchi lake zima. Akamshika mwanawe mkono, wakaenda kuandikisha.

Tiba haikuwa lelemama. Binti alitapika, alinuna, siku nyingine hakutaka kumwona mtu. Lakini wale wacheza karata walimwita mdogo wao na hawakumpa nafasi ya kuzama. Nywele zilipopukutika zote, akajipima na baba yake kwenye kioo. "Cha kwangu kina umbo," akasema, na mama yake akacheka mpaka akakaa chini.

Siku picha za vipimo zilipoonyesha uvimbe umekwisha, Kipara alifunga duka asubuhi, akapita mtaani akimwambia kila mtu, hata wasiouliza.

Nywele zikarudi, laini, nyeusi. Jumamosi moja, benchi likiwa limejaa, binti aliingia dukani, akasubiri zamu yake, akapanda kwenye kiti. Kipara akamfunga kitambaa shingoni, akawasha mashine, akamwinamia.

"Bosi, unasemaje?"

"Usiguse hata mmoja."

Benchi likaangua kicheko. Kipara akazima mashine. Akachukua brashi, akampangusa shingo isiyo na kitu, akampaka poda, akamshikia kioo kidogo nyuma aone kisogo chake, upande huu na upande ule. Binti akajitazama kwa raha zake, hana haraka.

"Umeniweza, fundi," akasema.

Machozi yakamtoka Kipara mbele ya wateja wote, na safari hii hakusingizia sabuni.