Barua ya Kukaririwa na Dereva

Jumatatu, kwenye duka la kompyuta hapa Lodwar, mama muuza samaki wakavu alitaka barua ya kuishawishi hoteli moja ya Kakuma inunue kwake. Mwenye kompyuta akamchapia ukurasa mzima. Mama hakuupokea. Alimwita dereva ambaye angeupeleka.

"Msomee huyu."

Mwenye kompyuta akasoma, kuanzia "Kwa heshima na taadhima" hadi mstari wa mwisho.

"Dereva, umesikia nini?"

Dereva alijikuna kidevu. "Nimesikia mnaheshimiana sana."

"Na samaki?"

"Samaki bado hajafika, mama."

Mama akaisukuma karatasi kwa kidole kimoja. "Futa. Andika: Samaki yangu imekauka vizuri, haina mchanga. Nimetuma tano, pikeni. Ikiwa tamu, nitaleta kila Ijumaa."

Dereva aliirudia yote bila kutazama karatasi. Mama akalipa.

Mimi niliyekuwa nikisubiri zamu yangu nilicheka, kisha nikamkumbuka baba. Hakujua kusoma. Karani wa soko alimwandikia, na kabla ya lori kuondoka ilibidi dereva aikariri barua, maana karatasi ingeweza kulowa mtoni. Siku hizi tunatuma barua pepe ndefu kama safari yenyewe, na hakuna dereva wa kutuuliza samaki yuko wapi.

Barua ya mwisho ya baba ililowa kweli. Nilikuwa nafanya kazi Kitale, nimemnunia, nimeapa sirudi nyumbani. Dereva alisimama langoni, mikono mitupu, akasema: "Baba yako anasema mvua imenyesha. Maziwa yapo. Njoo."

Nilifunga sanduku siku hiyohiyo.