Fyuzi Mfukoni mwa Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada, ameifanya kazi ya useremala miaka thelathini, na vidole vyake vyote kumi bado anavyo. Mafundi wenzetu wanasema hiyo ni dalili ya uvivu.

Kabla hajapasua ubao, atapima. Kisha atapima tena. Atakata kwanza kipande kibovu cha majaribio, akipime pembe kwa guni, afumbe jicho moja, agunegune, halafu arudi kusogeza kizuizi cha mashine ya kupasulia unene wa ukucha. Ubao mwembamba hausukumi kwa mkono hata umbembeleze vipi. Ana kijiti chake cha kusukumia, ambacho tumekipa jina la Mke Mdogo. Dada yangu halipendi jina hilo hata kidogo.

Shemeji mwenyewe tunamwita Bwana Fyuzi. Akibadilisha msumeno wa mashine, kuzima swichi hakumtoshi. Huchomoa fyuzi ukutani na kuitia mfuko wa shati. Mara mbili dada amefua shati na fyuzi yake, karakana nzima ikakaa kusubiri ikauke juani.

Juzi tulikuwa tunamalizia kabati la binti yangu. Harusi ilikuwa kesho yake, gari la kulibeba linakuja jioni, na shemeji bado anabadilisha msumeno.

"Shemeji, ngoja ngoja huumiza matumbo!"

"Mwenda pole hajikwai," akanijibu, akaendelea kutafuta spana.

Nikatoka kuleta mbao. Niliporudi sikumwona. Nikasema moyoni, huyo kamaliza, kaenda kunywa chai. Nikabonyeza swichi ya mashine.

Kimya. Nikabonyeza tena, huku nikiulaani umeme. Ndipo kichwa chake kilipochomoza nyuma ya mashine. Mkono mmoja ulishika spana. Wa pili ulikuwa umeukamata msumeno, vidole vinne juu ya meno.

Nikakaa chini kwenye maranda. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Hakunigombeza. Alikaza nati, akafuta mikono, akatoa fyuzi na kuniwekea kiganjani.

"Haya, mwenye haraka. Kairudishe wewe."

Kabati lilifika kwa wakati, na milango yake inafunga vizuri ajabu. Kwenye harusi shemeji alimshika binti yangu mikono yote miwili kumpongeza. Watu wote walikuwa wanatazama gauni. Mimi nilikuwa nahesabu vidole.